Mieleka ya Mezani: Sheria za Nyumbani Zinazoleta Amani

Mwezi huu tunaingia mahali ambapo wengi wetu hatupendi kuingia, yaani ulingoni. Wanetu wanapenda mieleka. Wanaitazama kwenye televisheni na siku hizi hata kwenye simu, na shule zikifungwa wanaileta sebuleni. Mama akikataza, inahamia uani. Akikataza tena, inahamia kwa jirani.

Sisi wauguzi hatulichukulii jambo hili kama utani. Mtoto anapomwona mtu mzima akimnyanyua mwenzake na kumbwaga chini, hajui kwamba wale wawili wamefunzwa muda mrefu namna ya kuanguka, wala hajui kwamba sakafu ya ulingo ni mbao zilizotandikwa sponji, nayo hubonyea. Anachoona ni kwamba aliyebwagwa ameinuka. Basi naye anamnyanyua mdogo wake na kumbwaga juu ya sementi. Tumewafunga watoto mitulinga iliyovunjika, tumewaona walioteguka viwiko, na kila mara mzazi husema, "Walikuwa wanacheza tu."

Kabla hatujaendelea, shikeni neno hili moja. Mtoto akiangukia kichwa au shingo, msimwinue na msimkalishe. Mtu mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili, kibaki kama alivyokutwa, na mwingine akatafute gari la kumpeleka hospitali. Akitapika, mgeuzeni mwili wote kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili kama gogo moja. Na hata akiinuka mwenyewe akacheka, mwangalieni siku hiyo yote na usiku wake. Akitapika tena na tena, akisinzia kusiko kwa kawaida, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, au akitokwa na maji masikioni au puani, msingoje asubuhi.

Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Mtoto akinyang'anywa kitu anachokipenda, apewe kingine cha kushika mkononi. Ndiyo maana tunaleta mieleka ya mezani, inayochezwa kwa kadi na dadu. Wanaobwagana ni wa karatasi, na hakuna mtulinga unaovunjika.

MCHEZO HUU ULITOKA WAPI

Michezo ya mieleka kwa kadi na dadu ina mashabiki wa miaka mingi huko Marekani. Mmoja unaojulikana sana ni Champions of the Galaxy, uliotolewa mwaka 1986 na Tom Filsinger. Wanamieleka wake ni wa kubuni, na hadithi yao inaanzia mwaka 2087, katika sayari mbalimbali. Kila mmoja ana kadi yake yenye mitupo na namna yake ya kujihami, na dadu ndizo zinazoamua kinachotokea. Mtu anaweza kuucheza na mwenzake, au hata peke yake.

Michezo ya namna hii imejengwa hasa juu ya pambano la watu wawili. Wakiingia kumi ulingoni kwa mara moja, mambo hubadilika. Nani anampiga nani? Nani anaanza? Ndipo kila nyumba inapojitungia sheria zake.

Katika pambano la wengi, kila mtu yuko peke yake. Anayerushwa juu ya kamba ya juu, miguu yake yote miwili ikagusa sakafu ya nje, ametoka. Anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Lililo maarufu kuliko yote ni Royal Rumble. La kwanza lilifanyika tarehe 24 Januari 1988 mjini Hamilton, nchini Kanada, likiwa na wanamieleka 20, na Jim Duggan akashinda. Mwaka uliofuata waliongezwa wakawa 30. Wawili huanza, kisha kila baada ya muda mfupi anaingia mwingine kwa namba aliyopangiwa. Na mabinti zetu wasiambiwe kwamba huu ni mchezo wa kaka zao. Tarehe 28 Januari 2018, mjini Philadelphia, wanawake 30 walipigana Royal Rumble yao ya kwanza, na Asuka kutoka Japani akawa mshindi.

JINA LENYE KUMBUKUMBU CHUNGU

Yafaa mama ajue jambo jingine. Jina la Kiingereza la pambano hili lilitumika zamani kwa majogoo. Waliingizwa wengi kwa pamoja, wakadonoana mpaka akabaki mmoja. Baadaye, katika majimbo ya kusini ya Marekani, walioingizwa hawakuwa majogoo tena. Walikuwa vijana weusi, wengine wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, wakapigana huku wazungu wakicheka na kuwatupia sarafu. Bondia Beau Jack wa Augusta, Georgia, aliyekuja kuwa bingwa wa uzani mwepesi mwaka 1942, alianzia katika mapambano hayo.

Hatulisemi hili ili kuwaharibia watoto furaha. Tunalisema kwa sababu linafundisha: pambano la wengi lisilo na sheria ya haki hugeuka haraka kuwa pambano la wote dhidi ya mmoja. Na wanaotazama hucheka.

Sasa tuangalie nyumbani mwetu. Huyo mmoja ni nani? Pengine ni kitinda mimba. Pengine ni binti peke yake kati ya wavulana. Mara nyingi mno ni yule mtoto wa marehemu shemeji, au wa dada aliye mbali, anayelelewa hapa nyumbani. Wenye nyumba humgeukia yeye kwanza bila hata kukonyezana. Anatolewa wa kwanza, anakaa pembeni saa nzima akitazama wenzake, na jioni mama anashangaa kwa nini hataki kula. Akiulizwa, hujibu, "Hamna kitu, mama mdogo." Naye hasemi uongo. Hajui jina la kitu hicho.

Hatuwezi kuwaamuru watoto wapendane kila dakika. Lakini tunaweza kuweka sheria ambazo zinamlinda mdogo bila kumtaja jina, ili asionekane anahurumiwa. Sheria zifuatazo ni kwa ajili ya watoto wanne wenye wanamieleka watatu kila mmoja, jumla 12. Vifaa ni boksi tupu la kukata kadi, kalamu, dadu mbili, kofia moja na makopo matatu.

SHERIA ZA ULINGO WA NYUMBANI

1. Kadi zote ni sawa. Kila mwanamieleka anaanza na pumzi 6. Kisha mwenye kadi anapewa alama 2 za kugawa: aziweke zote kwenye nguvu, au zote kwenye kushika kamba, au moja huku na moja huku. Basi. Mkubwa hawezi kutengeneza jitu lenye nguvu 10 kwa sababu tu yeye ndiye anayejua kuchora.

2. Namba za kuingia hugawanywa kwa makopo. Anayeingia mapema hupigwa muda mrefu zaidi, na anayeingia mwishoni hukuta wenzake wamechoka. Ni kweli kwamba Shawn Michaels alianza na namba 1 mwaka 1995 akashinda, na Ric Flair alishinda mwaka 1992 akiwa na namba 3, lakini hao walikumbukwa kwa sababu si jambo la kawaida. Basi wekeni namba 1 hadi 4 katika kopo la kwanza, 5 hadi 8 katika la pili, na 9 hadi 12 katika la tatu. Kila mtoto anachota namba moja kutoka kila kopo. Hivyo kila mmoja ana wa mapema, wa katikati na wa mwisho.

3. Hakuna kumchagua wa kumpiga. Hii ndiyo sheria iliyo mama wa zote. Majina ya walio ulingoni yaandikwe kwenye vikaratasi na kutiwa kofiani. Jina la kwanza kuchotwa ndilo linaloshambulia. La pili ndilo linaloshambuliwa. Yakiwa yote mawili ya mtoto mmoja, la pili lirudishwe na kuchotwa jingine. Kisha vikaratasi vyote virudi kofiani. Wawili wanaanza ulingoni, na kila baada ya zamu 2 anaingia mwingine. Akibaki mmoja, au wakibaki wa mtoto mmoja tu na wengine bado hawajaingia, anayefuata aingie papo hapo.

4. Pumzi hupungua kwa tofauti. Kila mmoja anatupa dadu moja. Anayeshambulia anajumlisha nguvu zake. Anayeshambuliwa hajumlishi kitu. Mshambuliaji akizidi, mwenzake anapoteza pumzi sawa na tofauti. Wakilingana, kila mmoja anapoteza pumzi 1. Mshambuliaji akipungukiwa, hakuna kitu, wanasukumana tu.

5. Mguu mmoja si miwili. Pumzi zikifika sifuri au chini yake, mwanamieleka amesukumwa kwenye kamba. Anatupa dadu mbili na kujumlisha alama zake za kushika kamba. Akipata 9 au zaidi, ameng'ang'ania na amerudi ulingoni na pumzi 2. Akipata 8 kamili, mguu mmoja tu umegusa sakafu, kama ilivyomtokea Michaels mwaka ule wa 1995, na anatupa mara moja zaidi. Safari hii ni 9 au nje. Akipata 7 au chini, ametoka.

6. Wakianguka pamoja, wameshinda pamoja. Mwaka 1994 Bret Hart na Lex Luger walibaki wawili, wakaanguka, na miguu yao ikagusa chini kwa wakati mmoja. Baada ya mabishano mengi wote wawili walitangazwa washindi. Nyumbani iwe hivyo hivyo. Wawili wa mwisho wakilingana, wakaishiwa pumzi pamoja na wote wakashindwa kushika kamba, ni washindi wawili. Mama asiitwe jikoni kuamua.

7. Aliyetolewa hafukuzwi mezani. Mtoto ambaye wanamieleka wake wote wametoka ndiye anayeshika kofia. Wa pili kutoka ni mtangazaji. Wa tatu anaandika pumzi. Hakuna anayeambiwa akacheze nje.

8. Dadu hutupwa ndani ya sinia. Ikitoka nje ya sinia, inatupwa tena, iwe imetoa 1 au 6. Hakuna "hiyo haihesabiki, mkono uliteleza."

Pambano linakwisha anapobaki mwanamieleka mmoja, au wanapobaki wa mtoto mmoja tu na hakuna anayengoja kuingia. Kwa makadirio yetu, wanamieleka 12 watamaliza kwa zamu 40 hadi 60, yaani nusu saa na zaidi kidogo. Huo ni muda wa kutosha kwa mama kukanda unga na kuchoma chapati bila kupigiwa kelele.

TUTAZAME MFANO

Kofiani anatoka Nyundo, mwenye nguvu 2 na kushika kamba 0. Wa pili anatoka Radi, mwenye nguvu 0 na kushika kamba 2. Nyundo anatupa 5, anajumlisha 2, anapata 7. Radi anatupa 3. Tofauti ni 4, na Radi aliyekuwa na pumzi 6 amebaki na 2. Baadaye kofia inawakutanisha tena. Nyundo anatupa 4, anapata 6. Radi anatupa 2. Tofauti ni 4 tena, na pumzi za Radi zimekwisha. Yuko kwenye kamba.

Anatupa dadu mbili: 3 na 3, jumla 6. Kwa alama zake 2 za kushika anapata 8. Mguu mmoja! Hapo nyumba nzima husimama. Anatupa tena: 5 na 2, jumla 7, na alama zake 2 ni 9. Radi amerudi ulingoni. Mwenye kadi ya Radi anaweza kuwa ndiye mdogo kuliko wote pale mezani, na hakuna aliyempendelea.

HESABU ILIYOFICHWA NDANI YA DADU

Mtoto akishindwa mara tatu atasema dadu zina bahati mbaya, au kwamba kaka anazipulizia. Mfundisheni kuhesabu. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Jumla ya 2 ina namna moja tu, na 12 vilevile. Jumla ya 7 ina namna 6, ndiyo maana inatokea mara nyingi kuliko zote. Jumla ya 9 au zaidi ina namna 10 kati ya 36.

Kwa hiyo mwanamieleka asiye na alama ya kushika kamba, katika mtupo wa kwanza, anaokoka kwa namna 10 kati ya 36. Mwenye alama 1 anahitaji 8 au zaidi kwenye dadu, nayo ina namna 15. Mwenye alama 2 anahitaji 7 au zaidi, yenye namna 21, zaidi ya nusu. Waacheni waliochoka na hesabu za shuleni wajitafutie wenyewe kwa kuandika namna zote 36 kwenye karatasi. Watazipata, kwa sababu safari hii wana haja nazo. Na wataona kwamba alama mbili ndogo zimemwongezea mtu zaidi ya maradufu.

JE, DADU SI KAMARI?

Tunajua swali hili litaulizwa, na ni haki liulizwe. Katika Maandiko watu walipiga kura kwa nia njema na kwa nia mbaya. Mathiya alichaguliwa kwa kura kujaza nafasi ya Yuda, na askari nao walipiga kura kugawana mavazi ya Bwana. Kura ni ile ile. Kilichotofautiana ni kilichokuwa moyoni na kilichowekwa mbele yake.

Basi sheria ya tisa ni ya mama mwenyewe: hakuna dau. Si shilingi, si peremende, si zamu ya kuosha vyombo. Anayeshinda anapata jina lake kuandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, hakuna zaidi. Tunasisitiza kwa sababu vijana wetu leo wana kamari mfukoni, ndani ya simu, na tumeona karo ikipotelea humo. Mtoto aliyejifunza mapema kwamba dadu haina kumbukumbu, na kwamba kushindwa mara tano hakumletei deni la kushinda mara ya sita, amepata kinga. Tena amepata hesabu ya kumwonyesha rafiki yake atakapomwambia, "Leo lazima nishinde."

KAZI YA MAMA

Mama asiwe mwamuzi. Ukikaa hapo ukiamua kila ugomvi, watacheza wakitazama uso wako. Kaa nao mara ya kwanza, soma sheria kwa sauti, zibandike ukutani, kisha uende zako. Wakitaka kubadili sheria, wabadili kabla ya pambano, wote wakubaliane, na aliye mdogo kuliko wote aulizwe wa kwanza. Akiulizwa wa mwisho, atasema tu walichosema wakubwa.

Lakini masikio yasiende mbali. Sikilizeni jinsi mtangazaji anavyotangaza. Mkisikia mwanamieleka wa mtoto mmoja tu ndiye anayezomewa kila anapoingia, mmejua jambo ambalo hakuna aliyewaambia. Hapo dadu zimefanya kazi yake, na yenu ndiyo inaanza. Mwiteni aliyezomewa aje awasaidie kusukuma chapati, mzungumze naye taratibu. Kisha, wakati mwingine, mwiteni na aliyezomea.

Na baba akirudi mapema, mpeni kadi tatu kama wengine. Pumzi 6, alama 2, namba moja kutoka kila kopo. Hakuna kitu kinachowafurahisha watoto kama kumwona baba yao akirushwa juu ya kamba kwa haki, na bado akakaa mezani kushika kofia.